Kutoka kwa baba yake, kutoka kwa babu yake

Mwaka 1950 Joseph Schacht, msomi wa Kimagharibi wa sheria za Kiislamu, aliandika kwamba isnadi (minyororo ya wapokezi wa hadithi) za kifamilia, baba akipokea kwa babu na mwana akipokea kwa baba, si dalili ya usahihi bali ni njia ya kuifanya hadithi ionekane sahihi. Hoja yake ina uzito. Mtu akitaka kuifanya kauli mpya ionekane ya zamani kwa kudai kaipokea kwa baba yake, marehemu hatamkanusha.

Lakini wahakiki wa hadithi walilijua hilo zamani. Kathir bin Abdillah al-Muzani naye alipokea kwa baba yake na babu yake, na Imamu Shafii akamhesabu katika nguzo za uongo. Mhakiki Ali bin al-Madini alipoulizwa kuhusu baba yake mzazi kama mpokezi, alisema waulizwe wengine. Alipobanwa akajibu kuwa hii ni dini, baba yangu ni dhaifu, yaani hategemewi katika upokezi. Watu wa namna hii hawakudanganywa na ukoo.

Mzozo mgumu ni wa mpokezi Amr bin Shuaib, aliyefariki mwaka 118 Hijria. Anaposema "baba yangu, kutoka kwa babu yake", babu ni wa nani? Akiwa wa Amr, ni Muhammad, ambaye hakuwa sahaba, na isnadi imekatika. Akiwa wa Shuaib, ni Abdullah bin Amr bin al-As, sahaba aliyeandika hadithi katika sahifa yake, yaani daftari lake. Wanaoikubali husema Shuaib alilelewa na Abdullah baada ya kufiwa na baba. Mhakiki Yahya bin Main aliona tatizo kwingine: Amr alisimulia kutoka kitabuni. Kwangu hapo ndipo penye kiini. Sahifa iliyorithiwa inapunguza shaka ya kughushi, ila maandishi ya zama zile, yasiyo na nukta za kutofautisha herufi, yalisomeka vibaya kwa asiyemsikia mwalimu. Bukhari alisema aliwaona wanazuoni Ahmad bin Hanbal, Ali bin al-Madini na Ishaq bin Rahawayh wakiitumia isnadi hii kama hoja, lakini hakuiweka katika Sahihi, mkusanyo wake wa hadithi.

Schacht alikosea kuzihukumu zote kwa pamoja. Anayesema watu wa nyumbani ndio wajuzi zaidi naye anakosea vilevile. Salim, mwana wa sahaba Ibn Umar, na Nafi, aliyekuwa mtumwa wa Ibn Umar, walihitilafiana katika hadithi chache walizopokea kwa Ibn Umar. Mhakiki An-Nasai alikiri kuwa Salim ana hadhi kubwa zaidi, kisha katika hadithi tatu akamfuata Nafi.