Kipanya Kilichozimia Kila Modemu Ikipiga Simu

Kipanya changu kilikuwa kizima wa afya hadi siku nilipochomeka kadi ya modemu, kifaa cha kuingilia intaneti kwa laini ya simu, kwenye kompyuta yetu kuukuu ya Windows 95. Tangu hapo, modemu ikianza tu kupiga simu, mshale unaganda katikati ya skrini kama mtu aliyekanyaga nyoka.

Nikakilaumu kipanya, mnyonge hana wakili. Nikakifungua tumbo, nikatoa kigololi, nikakwangua uchafu wa miaka, nikakipangusa kwa spiriti. Kikateleza vizuri ajabu. Nikabofya kuunganisha. Kikazimia.

Jioni moja nikaingiza upya namba ya kuunganishia intaneti, nikakosea tarakimu moja. Spika ya modemu ikalia ti-tu-ti-ti, simu ikaita, kisha sauti ya mzee ikatoka ndani ya kompyuta: "Alo? ... Alo? We nani, mbona husemi?"

Ningebofya kitufe cha kukatisha, lakini kwa kipanya kipi? (Esc ilikuwapo kwenye kibodi muda wote. Hofu ilinisahaulisha.) Na mimi mwenyewe ndiye niliyeiamuru programu irudie kupiga hadi mara 10. Mzee akakata, modemu ikapumua kidogo, ikampigia tena.

"Mwanangu, kama umetekwa, kohoa!"

Nikajitosa chini ya meza, nikang'oa waya wa simu. Sasa, modemu ina matundu mawili nyuma: LINE, linalokwenda ukutani, na PHONE, linalokwenda kwenye simu ya mezani. Nadhani umeshajua niling'oa upi. Modemu ikaendelea kumsumbua mzee wa watu, nami sina hata simu ya kumwombea radhi.

Mke wangu akaingia, akanikuta nimepiga magoti mvunguni huku mzee akiniombea dua kupitia spika. Akachomoa plagi ya umeme. "Baba Asha," akasema, "ndiyo intaneti yenyewe hii?"

Usiku ule nikasoma kijitabu cha modemu, ambacho hadi hapo kazi yake ilikuwa kuinua skrini. Kumbe poti za COM, yaani milango ambayo vifaa kama kipanya na modemu huzungumzia na kompyuta, zinagawana kengele: COM1 na COM3 zinatumia IRQ 4, na COM2 na COM4 zinatumia IRQ 3. IRQ ndiyo kengele ya kumwitia prosesa, ubongo wa kompyuta. Kipanya changu kilikuwa COM1, modemu nimeiweka COM3: kengele moja, wageni wawili. Modemu ikiishika, kipanya kinabisha hodi mpaka kinachoka, hakuna wa kukifungulia. Nami nilikuwa nakiogesha!

Dawa yake ni kuzima COM2 ya ubao mama kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta inayofunguliwa kabla ya Windows), kisha kuhamisha jampa, vidude vya kuunganishia pini za kadi, ili modemu iwe COM2, IRQ 3. Ukisahau kuzima, poti mbili zitagombea anwani moja, 2F8, na utarudi mvunguni. Jampa ni kidude kidogo kuliko punje ya mahindi. Moja ilinidondoka zuliani. Niliitafuta kwa tochi nusu saa, nikaja kuipata kwa kisigino.

Nikawasha. Modemu ikapiga. Nikazungusha kipanya, na mshale ukazunguka! Nikapaza sauti: "Mama Asha, njoo uone, kinatembea!"

Spika ikakwaruza.

"Alo? ... Ni wewe tena, mwanangu? Walikuachia?"

Namba sikuwa nimeirekebisha. Ila safari hii nilibofya.