Mpiga Kinanda Hayumo Kwenye Bajeti

Nipe bajeti ya harusi yoyote ya mjini nikuoneshe ile dhambi ya kutotimiza wajibu tunayoiungama kila Jumapili. Ukumbi upo. Mapambo yapo, na ndani ya mapambo kuna fungu la maua ya kwenye magari. Keki ipo, MC yupo, mpiga picha yupo, na mwenzake wa droni ambaye ndani ya kanisa hana hata pa kuirushia. Matarumbeta yapo: vijana sita juu ya pikapu wanaopiga wimbo mmoja kutoka kanisani mpaka ukumbini, na wanalipwa taslimu kabla dereva hajawasha gari. Chini kabisa kuna "mengineyo". Nikiona hapo moyo unanidunda, nasoma kwa makini: barafu, pini za maua, vocha ya simu ya katibu, mchele wa akiba. Mpiga kinanda hayumo. Wanahesabu amekuja na kanisa, kama nguzo.

Halafu nguzo hiyo ndiyo inayopigiwa simu saa nne usiku. Nami nimeshajifunza kuwatambua wapiga simu kwa salamu. Mwenye hela husema "Ticha vipi". Anayetaka bure huanza na "Tumsifu Yesu Kristo!" kwa sauti ya ibada kamili, akasubiri mpaka nimalize "milele na milele, amina", akaulizia afya ya mama yangu mzazi, ndipo ateremshe ombi. Na mwishoni lazima aseme, "Mungu atakulipa, Mwalimu." Sina ugomvi na Mungu kuhusu malipo. Ugomvi wangu ni na bodaboda, ambaye nikimwambia hivyo anashika ufunguo wa pikipiki na kunitazama.

Siku yenyewe, Misa ni saa nane. Saa tisa na robo bibi harusi bado yuko saluni. Nani anajaza hilo pengo? MC ukumbini akizidisha muda anadai cha juu. Mimi hapa nimeshapiga kila wimbo wa taratibu ninaoujua, nimerudia wa kwanza, wageni wa mbele wameanza kusinzia na shangazi wa bwana harusi ananionesha kwa mkono kwamba niongeze sauti. Bibi harusi akifika, anaingia kwa ile staili ya hatua moja mbele, nusu nyuma, tabasamu kwa kamera. Ufunguzi wa dakika tatu inabidi niuvute mpaka uchakae. Akikaribia altare nimebaki na kidole kimoja chenye nguvu.

Zamani nilidhani mateso haya ni ya parokia zetu za vumbi. Kumbe hata Johann Sebastian Bach aliyaonja. Mwaka 1730, akiwa msimamizi wa muziki wa makanisa makubwa ya Leipzig, Ujerumani, alimwandikia rafiki yake wa utotoni, Georg Erdmann, barua ya malalamiko. Anamwambia mji ni ghali, wakubwa hawaupendi muziki, na kipato chake, thaler (fedha ya Ujerumani ya enzi hizo) kama 700 hivi, kinapanda na kushuka kwa kutegemea mazishi. Watu wakifa kwa wingi, anapata. Upepo ukiwa wa afya, hawafi, hapati. Mwaka 1729, anasema, hewa safi ilimpotezea zaidi ya thaler 100. Mtu aliyetunga muziki wa kuwaliza malaika, anaiangalia hali ya hewa dirishani na kusikitika kwamba wajukuu wa fulani wamepona kikohozi.

Na bado alikuwa na bahati. Yeye watu wakifa alilipwa. Sisi wakifa tunachangia. Msibani nafika na kinanda mgongoni, napiga kuanzia Misa ya kumwombea marehemu mpaka makaburini bila umeme, na njiani kuna kijana mwenye daftari ananiuliza, "Mwalimu, rambirambi yako niandike ngapi?"

Huyo huyo Bach alipokuwa na miaka ishirini, akipiga kinanda kule Arnstadt, aliomba ruhusa ya wiki nne akatembea kwa miguu kilomita zipatazo 400 hadi Lübeck kumsikiliza mpiga kinanda mashuhuri, mzee Dieterich Buxtehude. Akarudi baada ya miezi kama minne. Wazee wa kanisa wakamweka kiti moto Februari 1706, na kwa vile walikuwa wameshamkalisha, wakamwaga yote: kwamba anachomeka sauti za ajabu katikati ya nyimbo mpaka waumini wanapotea, kwamba mwanzo alikuwa anapiga kwa kirefu mno, na alipoambiwa, akaanza kupiga kwa kifupi mno. Hapo niliinuka kwenye kiti nikaitikia "Amina!" peke yangu nyumbani. Maana ndiyo Jumapili yangu hiyo. Wakati wa matoleo nikiendelea baada ya padre kunawa mikono, nimechelewesha Misa. Nikikata mapema, mstari wa matoleo upande wa kushoto bado mrefu, mhasibu wa parokia ananiangalia kama nimeiba.

Kuhusu Buxtehude nina neno. Nafasi yake ilikuwa nono, ila atakayeirithi alitegemewa amuoe na binti yake. Mwaka 1703 walikwenda vijana wawili kuiangalia kazi, Handel na Mattheson. Walipoelezwa sharti hilo, wakashukuru kwa chakula wakarudi walikotoka. Wanaume wenzangu, hebu fikirini: tangazo la kazi lenye mahari ndani yake. Nimewahi kumsimulia mwenyekiti wa kwaya yetu kisa hicho ili tucheke. Hakucheka. Akakaa kimya kidogo, akasema anao mabinti wawili. Tangu siku hiyo mazoezi yakiisha natokea mlango wa sakristia.

Lakini anayenigusa zaidi ni Mfaransa mmoja mpiga kinanda, Charles-Marie Widor. Mwaka 1870 alipewa kinanda cha kanisa la Saint-Sulpice, Paris, "kwa muda". Alikaa mpaka mwisho wa 1933. Karibu miaka 64 mtu anakaimu! Nami niliambiwa hivyo hivyo: "Shikilia tu, Mwalimu, tunatafuta mtu." Waliosema maneno hayo wamehamishwa, wengine wamestaafu, mmoja amekuwa askofu mahali. Mtu bado anatafutwa.

Sasa tuje kwenye chombo chenyewe. Kinanda cha kwanza kilibuniwa Aleksandria, Misri, karne ya tatu kabla ya Kristo, na fundi aitwaye Ktesibios, ambaye alitumia maji kusukuma hewa kwenye mabomba. Misri, jamani! Hapa hapa Afrika. Kikavuka bahari, Ulaya wakakilisha kikanenepa, kule Passau, Ujerumani, kanisa kuu lina kinanda chenye mabomba karibu 18,000. Baada ya miaka zaidi ya elfu mbili kikaturudia nyumbani kikiwa plastiki, vibonye 61, na mdundo wa Kibrazili wa bosanova.

Bosanova hiyo ni jaribu. Kibonye chake kimekaa jirani kabisa na cha sauti ya kanisa. Na jirani ya vyote hivyo kuna kibonye cha demo, yaani wimbo wa majaribio unaojipiga wenyewe, ambacho sijui kiliwekwa kwa ajili ya nani, ila watoto wote wa parokia wanakijua. Kimya baada ya Komunyo, waumini wamefumba macho, mtoto wa kwaya ya Utoto Mtakatifu amekuja kunisalimia kwa upendo, kidole hicho, tii! Kanisa zima disko. Mama yake akanilaumu mimi kwa kuacha kinanda kikiwa kimewashwa. Kizimwe vipi na wimbo wa shukrani unafuata?

Enzi za kabla ya umeme kule Ulaya kulikuwa na watu maalumu wa kuvukuta mivukuto nyuma ya kinanda, na kinanda kikubwa kilihitaji kundi zima la wanaume. Walikuwa kwenye orodha ya malipo. Sisi umeme ukikatika, jenereta linawashwa kwa ajili ya spika za padre na feni za wazee wa mbele. Soketi ya kinanda ipo kwenye laini nyingine. Ukiuliza kwa nini, fundi anakwambia ndivyo alivyoikuta. Adapta nayo ina maisha yake: wiki hii vijana wameiazima wafanyie semina, wiki ijayo ipo lakini panya wameitafuna shingo, natembea na utepe mweusi wa mafundi mfukoni karibu na rozari.

Upande wa funguo za muziki usiseme. Padre wetu ni mtu wa Mungu, ila "Bwana awe nanyi" anaianzia pale pumzi ilipomkuta. Leo ilimkuta kati ya nota F na F shapu, mahali ambapo waliotengeneza kinanda hawakuweka kibonye. Naye akishaimba ananitupia jicho kwamba mbona sijaitikia. Akina mama wa jumuiya wanaanzisha wimbo juu darini, ubeti wa tatu wameteremka nusu sauti, wa tano wapo kwa akina baba, na wote wananigeukia mimi nimehama. Mwalimu wa kwaya naye hutuma wimbo mpya Jumamosi usiku. Ukibahatika ni nota zilizotolewa fotokopi ya fotokopi, mstari wa besi umeliwa na mashine. Usipobahatika ni sauti yake iliyorekodiwa bafuni: "Mwalimu, inaenda hivi, na-na-naa, hapo weka kinanda kizuri."

Pumziko langu ni Kwaresma. Kanisa linasema siku hizo kinanda kisaidie uimbaji tu, kisijitambe chenyewe, isipokuwa Jumapili ya nne, sherehe na sikukuu. Na Alhamisi Kuu, Utukufu ukishaimbwa, hakuna mbwembwe tena hadi Utukufu wa mkesha wa Pasaka. Ungetegemea mtu apumzike. Kamati tendaji ikaona mikono imekaa bure, ikanipanga kuhamisha mabenchi ya Njia ya Msalaba.

Juzi simu ikaita. "Tumsifu Yesu Kristo!" Nikajua. Alikuwa katibu wa kamati ya harusi ya binti wa mzee mmoja mkubwa pale parokiani. Afya ya mama, nzuri. Shamba, mvua zimenyesha. Haya, shida nini? Wanaomba nipige Jumamosi. Wanaomba nije na kinanda changu, kile cha parokia wamesikia kinakoroma. Nije na spika. Wakati wa kusaini vyeti niwawekee kitu laini, "kama kwenye sinema". Na kama nina kijana wa kugeuza kurasa, aje amevaa rangi ya zambarau iendane na kamati.

Nikakohoa. Nikamuuliza kwa upole, "Mzee Katibu, kwenye bajeti mmeniweka wapi?"

"Wewe tena, Mwalimu? Wewe ni wa kwetu! Tumekuweka mahali pazuri sana, kadi yako ninayo hapa, kesho nakuletea."

Kesho yake kadi ikaja kweli, ya rangi ya dhahabu, jina langu limeandikwa vizuri na cheo. Nikaifungua. Ni kadi ya mchango. Singo elfu sabini, dabo laki moja, mwisho wa kupokea ni Ijumaa, na chini namba ya mhasibu.

Nimemjibu mhasibu kwa ujumbe mfupi: mchango wangu ni wimbo wa kuingia. Wa kutokea bado haujapata mchangiaji.