Nyumba kuukuu zihamiwe, ila tuanzie darini

Tarehe 20 Juni 2020 kipimajoto cha Verkhoyansk, mji mdogo ulio kaskazini ya mbali ya Siberia, kilifika nyuzi joto 38 za Selsiasi. Mji huohuo, wenye wakazi wapatao elfu moja tu, umewahi kushuka hadi karibu nyuzi 68 chini ya sifuri wakati wa majira ya baridi. Huo ni mfano wa kupindukia, lakini miji midogo ya bara huko Kanada, Mongolia, Kazakhstan na kaskazini mwa Marekani inaujua vyema mwaka wa namna hiyo. Januari barafu hujikusanya upande wa ndani wa vioo vya madirisha. Julai usingizi hauji kwa joto. Nyingi kati ya nyumba zake zilijengwa kabla sheria haijamdai mjenzi kihami chochote, yaani tabaka la kuzuia joto lisipite kwenye dari, ukuta au sakafu. Ni mbao, tofali au mawe, paa juu, basi.

Je, nyumba hizo zihamiwe, yaani ziwekewe kihami? Wengi hujibu haraka kwamba ndiyo, tena jana. Wengine, hasa mafundi wa majengo ya zamani, hutikisa kichwa. Nimezisoma hoja za pande zote mbili kwa muda, na naona kila upande una ushahidi mzito mkononi. Kinachonisumbua ni kwamba pande hizi hubishana kana kwamba nyumba ni kitu kimoja, ilhali dari ina mambo yake na ukuta una yake.

Kwanza tuelewane kuhusu kuhami kwenyewe. Kihami karibu chochote unachokijua, iwe sufu ya kioo, sufu ya mawe, karatasi iliyosagwa au marobota ya nyasi kavu, hufanya kazi kwa kunasa hewa na kuizuia isitembee. Hewa iliyotulia hupitisha joto kwa shida sana. Tofali, kwa upande wake, hupitisha joto zaidi ya mara 15 kuliko sufu ya unene huohuo. Ndiyo maana ukuta wa tofali wa sentimita 35, unaoonekana imara kama ngome, huzuia joto sawa na sufu ya sentimita 2 hivi. Watu wengi hawaamini hili. Wameguswa na ubaridi wa kupendeza wa ukuta mnene wakati wa kiangazi, na wanadhani ukuta huo utawalinda na baridi vilevile. Ukuta mnene huchelewesha joto kwa saa kadhaa, na mahali ambapo mchana ni moto na usiku ni baridi, ucheleweshaji huo ni neema. Baridi ikikaa wiki tatu mfululizo, saa kadhaa si kitu.

Sasa upande wa wanaotaka nyumba zote zihamiwe. Hoja yao iliyonigusa zaidi inahusu afya, hata kuliko bili ya mafuta. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kuhusu makazi, lilitaja nyuzi 18 kuwa joto salama la ndani wakati wa baridi. Kwa wazee na watoto wachanga huenda likahitajika zaidi ya hapo. New Zealand, ambako nyumba zilizojengwa kabla ya 1978 hazikulazimika kuwa na kihami, watafiti walichukua kaya 1,350 za maeneo yenye kipato cha chini, wakazigawa kwa bahati nasibu, nusu zikahamiwa mapema na nusu zikasubiri. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Katika nyumba zilizohamiwa, joto la chumba cha kulala lilipanda kwa takriban nusu ya nyuzi tu. Ukisikia hivyo unaweza kusema kazi imepotea bure. Lakini vyumba vilikuwa vikavu zaidi, malalamiko ya kifua kutoa mlio wakati wa kupumua yalipungua, na siku ambazo watoto walikosa shule zilipungua pia.

Matokeo kama hayo yanatusaidia kulijibu lalamiko moja la kawaida, kwamba nyumba zikishahamiwa matumizi ya kuni, gesi au umeme hayapungui kama hesabu zilivyoahidi. Ni kweli, mara nyingi hayapungui hivyo. Aliyekuwa akiishi chumba kimoja chenye jiko na kuifunga nyumba nyingine yote hadi masika, sasa anapasha joto vyumba viwili. Wanauchumi huliona hilo kama akiba iliyovuja. Mimi naliona kama bibi aliyerudishiwa nusu ya nyumba yake, na sioni kwa nini jambo hilo lihesabiwe kuwa hasara.

Kiangazi nacho kina hoja yake. Mwaka 2003 joto kali liliua zaidi ya watu 70,000 barani Ulaya, na huko Paris vyumba vya ghorofa ya juu kabisa, chini ya mapaa ya zinki yasiyo na kihami, vilikuwa miongoni mwa mahali pa hatari zaidi kwa wazee. Dari iliyohamiwa vizuri huzuia jua la paa lisimfikie aliyelala chini yake. Ila lazima niongeze sharti: madirisha yawekewe kivuli kwa nje na yafunguliwe usiku. Jua likiingia kwa dirisha mchana kutwa, kihami kilekile kitalifungia joto ndani.

Tukigeukia wanaotahadharisha, neno lao kuu ni maji. Hewa ya ndani yenye nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 50 huanza kutoa umande pale inapogusa kitu chenye nyuzi 9 hivi. Mvuke wa kupika, kuoga na kupumua hutafuta njia ya kutoka, na katika nyumba ya zamani hutokea kwenye mianya na kwenye kuta zenyewe. Ukuta wa tofali uliopigwa plasta ya chokaa hunyonya unyevu kidogo na kuuachia tena, nao hukauka kwa pande zote mbili kwa sababu joto la ndani linaupitia. Ukibandika kihami upande wa ndani, ukuta uliobaki nyuma yake unakuwa wa baridi kuliko ulivyowahi kuwa tangu ujengwe. Mvuke ukipenya hadi hapo, unageuka maji mahali ambapo hakuna jicho linaloona. Ncha za boriti zilizochomekwa ukutani zinaoza taratibu. Maji ya mvua yaliyonyonywa na tofali, ambayo zamani yangekaushwa na joto la ndani, yanaganda, yanapanuka na kulichubua tofali tabaka kwa tabaka. Mahali penye majira makali kuganda na kuyeyuka huku hurudiwa mara nyingi kila mwaka.

Hii si nadharia ya vitabuni. Oktoba 2025 Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya Uingereza ilitoa ripoti kuhusu nyumba zilizohamiwa kwa ruzuku chini ya mipango miwili ya serikali. Miongoni mwa zile zilizowekewa kihami cha ukuta kwa nje, asilimia 98 zilikuwa na kasoro kubwa zinazohitaji kurekebishwa, kasoro ambazo zisiposhughulikiwa huleta unyevu na koga. Kwa zile zilizohamiwa ukuta kwa ndani, ilikuwa asilimia 29. Nilipozisoma tarakimu hizo mara ya kwanza nilirudia mstari nikidhani nimekosea. Watu walifungua milango yao wakitumaini joto, wakaachiwa kuta zinazolowa.

Historia nayo ina makaburi yake. Australia ilianzisha mpango wa kuhami dari mwezi Februari 2009 ili kuchochea uchumi; kufikia Februari 2010 ulikuwa umesitishwa, na vijana wanne waliokuwa wakiifanya kazi hiyo walikuwa wamekufa, watatu kwa umeme na mmoja kwa joto la ndani ya paa. Karibu na Libby, mji mdogo wa jimbo la Montana, Marekani, mgodi uliofanya kazi hadi 1990 ulitoa vemikulaiti, madini ya punje nyepesi yanayotumika kama kihami, iliyochanganyika na asbestosi, madini ya nyuzinyuzi ambayo vumbi lake huharibu mapafu. Vemikulaiti hiyo ilimwagwa kwenye dari za nyumba nyingi mno za Marekani na Kanada. Watu wa Libby wenyewe walikufa kwa vumbi lake. Povu la kemikali liitwalo urea-fomaldehaidi, lililosukumwa ndani ya kuta za nyumba za Kanada, lilipigwa marufuku mwaka 1980. Kuna pia radoni, gesi yenye mionzi itokayo ardhini, ambayo huweza kujikusanya zaidi katika nyumba iliyozibwa bila kuachiwa njia ya hewa.

Ukizipanga ajali hizi zote mezani, unaona nini? Mimi naona mambo mawili. La kwanza ni haraka: fedha zilimwagwa, idadi ya nyumba kwa mwezi ikawa ndicho kipimo, na waliofanya kazi hawakuwa wamefundishwa. La pili ni kutoonekana. Kosa la ukutani hufichwa na plasta kwa miaka. Dari haina usafi wa malaika, mifano ya Australia na Libby imetuonyesha hivyo, lakini hatari zake zinaweza kutazamwa kwa macho kabla kazi haijaanza. Fundi anapanda na tochi, anaona nyaya za umeme zilizochakaa, anaona doa la maji kwenye kenchi, anaona punje za kijivu zenye kumetameta za vemikulaiti na kushuka bila kuzigusa hadi zipimwe.

Na dari ndiyo yenye faida kubwa kwa gharama ndogo. Chukua dari ya mbao isiyo na kitu juu yake, nje kukiwa nyuzi 20 chini ya sifuri na ndani nyuzi 20. Kila mita ya mraba inapoteza takriban wati 90. Tandika sufu ya sentimita 10, upotevu unashuka hadi wati 14 hivi. Ongeza sentimita 10 nyingine, unafika 7. Sentimita 10 za kwanza zimefanya karibu kazi yote. Kabla ya hapo kuna kazi isiyo na fahari, ya kuziba mianya ya dari: pembezoni mwa bomba la moshi kwa vitu visivyoungua, kwenye mfuniko wa dari, kila mahali waya unapopita. Hewa ya moto hupanda na kutorokea juu, na inapotoroka huivuta baridi kutoka chini ya milango na sakafu. Anayehisi upepo miguuni mara nyingi tatizo lake liko juu ya kichwa chake.

Najua udhaifu wa msimamo wangu, na wapinzani wake wana haki ya kuutaja. Kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri dari peke yake haitoshi. Kuta zina eneo kubwa, na familia inayochagua kati ya kuni na dawa haiwezi kuambiwa isubiri. Watanikumbusha pia nyumba ya majaribio iliyojengwa Regina, katika mkoa wa Saskatchewan nchini Kanada, mwaka 1977, yenye kuta nene zilizojazwa kihami na tabaka la kuzuia mvuke lililofungwa kwa makini, ambayo ilihitaji joto kidogo mno katika mojawapo ya mikoa yenye baridi kali. Ni kweli, ila nyumba ile ilianza kwenye ardhi tupu. Kila tabaka liliwekwa mahali pake na watu waliojua linalofuata. Nyumba ya miaka 100 imeshapigwa saruji juu ya chokaa, imefungwa dirisha hapa na kubomolewa ukuta pale, na hakuna anayejua yote yaliyomo.

Pale ambapo ukuta lazima uguswe, ninaegemea kihami cha nje, cha aina inayoruhusu mvuke kupita, juu ya ukuta uliokwisha kukauka, na paa likiwa limerefushwa lifunike unene mpya. Ukuta wa tofali unabaki upande wa joto na boriti zake zinakuwa salama. Gharama yake ni kubwa, na sura ya nyumba inapotea. Sura hiyo si jambo dogo katika mji ambao barabara yake kuu ndiyo kumbukumbu pekee iliyobaki. Ripoti ya Uingereza inatuonya pia kwamba hata njia hii, ikifanywa ovyo, huharibika karibu kila mahali.

Hapo ndipo udogo wa mji unapoingia. Nyumba kuukuu katika mji unaopoteza vijana wake inaweza kuwa na thamani ndogo kuliko kazi ya kuhami kuta zake, na mkopeshaji anajua hivyo. Msimu wa kazi za nje ni mfupi. Mkandarasi anatoka mbali, anakaa wiki mbili, anaondoka. Doa linatokea msimu wa baridi wa tatu, na simu yake haipokelewi. Kama ningepewa kuandika masharti ya ruzuku, ningezuia sehemu ya malipo ya kazi ya ukuta hadi unyevu upimwe baada ya baridi mbili, na fedha za mafunzo ningempa seremala anayeishi hapohapo, atakayekutana na mwenye nyumba kila wiki barabarani.

New Zealand imefika karibu na mpangilio huu kwa njia ya sheria. Tangu tarehe 1 Julai 2019 mwenye nyumba ya kupangisha analazimika kuhami dari na chini ya sakafu, popote panapofikika. Kuta hazikutajwa katika sharti hilo. Mpangaji, ambaye kwa kawaida hulipia joto la nyumba asiyoweza kuibadilisha, amepata kitu anachoweza kudai, na fundi ametumwa kwanza mahali anapoweza kupanda na tochi yake na kuona anachofanya.