Jamani waandishi wa programu za Windows, hiyo manifesti, faili ndogo inayovipa vitufe sura ya kisasa, inawashinda nini?

Hapa Mwanza, pita maduka ya Makoroboi, shuka mpaka Mwaloni Kirumba kwa wauza dagaa wa jumla, chungulia skrini ya karani. Kompyuta ni Windows 10, pengine hata 11. Programu ya mauzo imenunuliwa juzijuzi, kwa hela nzuri tu. Vitufe sasa! Vya kijivu, kingo zimetuna kama tofali, mwaka 1995 mtupu. Mwenye duka akiuliza anajibiwa kwamba programu nyepesi ndivyo zilivyo.

Nyepesi kitu gani? Tangu Windows XP ya 2001, mfumo unabeba comctl32.dll mbili, maktaba inayochora vitufe na visanduku: toleo la 5.82 la zamani na toleo la 6 lenye mandhari, yaani sura ya kisasa. Programu isiyosema kitu inapewa 5.82, kwa sababu Microsoft hawakutaka kuharibu programu zilizokuwa tayari zinatumika. Ukitaka la 6 unaliomba, na linaombwa kwenye manifesti, faili ya XML ya mistari michache. Mistari michache, jamani, na mtu anatoza milioni!

Ndani ya tagi ya dependency unaweka assemblyIdentity: type ni win32, name ni Microsoft.Windows.Common-Controls, version 6.0.0.0, publicKeyToken 6595b64144ccf1df, kisha processorArchitecture na language vyote nyota. Nakili, usiandike kwa kukumbuka. Tarakimu moja ya ufunguo ikikosewa, programu haifunguki kabisa, unaletewa lawama za side-by-side, yaani Windows haikulipata toleo uliloliomba. Kwenye faili ya .rc, inayoorodhesha vitu vya kupachikwa ndani ya programu, ongeza mstari huu:

1 24 "mauzo.manifest"

Hiyo 24 ni aina ya rasilimali, 1 ni namba ya EXE, faili ya programu yenyewe. DLL, yaani maktaba, hutumia 2. Kisha ita InitCommonControlsEx, kazi inayoandaa vidhibiti hivyo, kabla ya dirisha la kwanza. Kwenye XP, ukiisahau, programu inazima kimyakimya.

Mnaoandika kwa Lazarus mnatiki kisanduku kimoja kwenye mipangilio ya mradi. Wa C# ni Application.EnableVisualStyles() ndani ya Main, kabla fomu yoyote haijaundwa. Nyie hasa hamna cha kujitetea.

Wengi wanakwamia hapa: manifesti wanaiweka nje, mauzo.exe.manifest kando ya EXE, wanafungua, hakuna kilichobadilika, wanatangaza kwamba "haifanyi kazi". Inafanya. Windows ilishaifungua EXE hiyo bila manifesti na imeweka kumbukumbu hiyo. Mpaka tarehe ya EXE ibadilike, haihangaiki kutazama upya. Kompaili tena. Bora zaidi, ipachike ndani na uifute ya nje, maana zikiwepo zote mbili, ipi inashinda inategemea toleo la Windows.

Fonti nayo. Kidhibiti, yaani kitufe au kisanduku, kilichoundwa kwa CreateWindow kinazaliwa na ile fonti nene ya System, mandhari au bila mandhari. Chukua lfMessageFont, fonti ya ujumbe ya mfumo, kupitia SPI_GETNONCLIENTMETRICS, itume kwa kidhibiti kwa WM_SETFONT. Kuandika "Segoe UI" kwa mkono ni uvivu mwingine.

Haya, wa VB6, ile Visual Basic ya zamani, nawahurumia kidogo. Ukiwasha mandhari, vitufe vya chaguo ndani ya Frame, fremu ya kuvikusanya, vinapata mandharinyuma nyeusi. Dawa ni kuweka PictureBox, kisanduku cha picha, ndani ya Frame na kuvihamishia humo. Inaudhi, lakini ni kazi ya asubuhi moja. Na aliyepaka vitufe vyake mwenyewe kwa BS_OWNERDRAW, ile kijani na njano yake, asitegemee manifesti imsaidie. Aliichagua kazi ya kupaka, apake.

Wewe mwenye duka, kabla hujamalizia malipo, peleka mshale wa kipanya juu ya kisanduku cha tiki, usibonyeze. Kikibadilika rangi, mandhari ipo. Kikikaa vilevile, mrudishie fundi programu yake na umwambie namba hii: 5.82.