Dawa ya Kupe, Mgonjwa Mtu

Hebu nielezeni, mtu mzima akichomekea suruali ndani ya soksi ili kupe wasimpande mguuni amevunja sheria gani ya Jamhuri ya Muungano? Maana leo asubuhi nimetoka zangu Makorora na baiskeli, sijafika hata barabara kubwa, vijana wa kijiwe cha bodaboda wameshaamka wote. "Kipa! Kipa huyo! Coastal wamesajili!" Mmoja akanirushia chungwa nilidake. Nililidaka, chungwa ni chungwa, lakini heshima yangu ilibaki palepale. Coastal Union wamechukua ubingwa wa ligi 1988, hawa wanaonicheka hata kuzaliwa hawajazaliwa, halafu ndio wa kunifundisha kipa anavaaje.

Na soksi zenyewe nyeupe. Mama watoto ameshaniuliza kama nimepata kazi ya unesi. Nyeupe ina sababu yake, bibie: kupe wa kahawia akitambaa juu ya kitu cheupe unamwona, juu ya kitu cheusi unamkaribisha. Nilieleza hivyo kwa utulivu, nikiwa nimenyoosha kidole. Akaniambia nishushe kidole, uji unapoa.

Nyie wenye vishamba nje ya mji mnanielewa. Masika ikishakatika, nyasi zinakufika kiunoni, na ng'ombe wa watu wanapita humo bila hodi. Kila anayepita anaacha chake. Kupe jike akishashiba damu anajiachia, anaanguka chini, anataga mayai kwa maelfu, nawe Jumamosi unafika na jembe lako kuwatembelea watoto. Mimi Pongwe nilipanda michungwa. Nimevuna kupe.

Juzi nilirudi na mmoja kiunoni, palepale mkanda unapokaa. Kichwa ndani, matako nje, miguu minane imetulia, hana wasiwasi na mtu wala hana haraka ya kuondoka. Hata shemeji yangu, ambaye alikuja kwetu kwa wiki moja mwaka juzi, huwa anajifanya ana aibu kidogo.

Nikakosea nikalitaja barazani. Jamani, Tanga ukitaja ugonjwa barazani umefungua hospitali. Kahawa ilikuwa haijamiminwa, madaktari wameshafika. Mmoja: mpake mafuta ya taa. Wa pili: mpake Vaseline akose pumzi. Wa tatu, dereva mstaafu, ameshawasha sigara na ananisogelea kiunoni. Nikamwuliza unamchoma nani, kupe au mimi? Akasema yeyote atakayetoka kwanza. Mzee mwingine akaanza habari za papasi wa nyumba ya udongo ya bibi yake Handeni, nikamwambia mzee wangu, papasi ni mwingine. Yule anakaa kwenye nyufa za ukuta na sakafu, anatoka usiku, anakuuma upo usingizini, kabla hujajigeuza ameshashiba na karudi kwake. Daktari wa Kijerumani, Robert Koch, alikuja huku kwetu 1905 akawachunguza haohao papasi na homa yao ya kurudiarudia. Mzee akauliza, "Aliwamaliza?" Nikasema hapana. "Basi alikuja kufanya nini?" Sikuwa na jibu.

Kupe aliyeng'ata hachomwi wala hapakwi kitu. Ukimchokoza anaweza kukutapikia mate yake humohumo ndani ya jeraha, na mate yake ndiyo yenye maradhi. Unachukua kibano chembamba, unamshika karibu kabisa na ngozi, unamvuta wima, polepole, bila kumsokota. Kisha unaosha kwa sabuni au spiriti, na yeye unamtumbukiza kwenye spiriti. Usimtumbue kwa kucha. Nilitoa somo hili lote, barazani wakanisikiliza kwa adabu, kisha wakasema sigara ndiyo dawa.

Sasa leo. Baada ya kudaka chungwa nikasema ngoja ninunue kinga, nijilinde kisomi. Nikaingia duka la dawa za mifugo, maana ndilo lililoandikwa mlangoni DAWA YA KUPE, herufi kubwa, na picha ya ng'ombe anayecheka. Mbele yangu mama mwenye kuku kikapuni, nyuma yangu mfugaji wa lubega na fimbo yake. Kaunta ina binti na daftari.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Nataka dawa ya kupe."

"Ng'ombe, mbuzi au mbwa?"

Ningesema mbwa ningelipa nikaondoka na uungwana wangu. Sijui kilichonipata. Nikasema, "Ni mmoja tu. Wa nyumbani."

Akaandika. "Uzito wake?"

"Kilo 85 hivi."

"Ndama."

"Si ndama, binti. Ni mtu mzima... ni mkubwa."

Mfugaji akadakia kule nyuma, "Mkubwa kilo 85? Huyo kadhoofu. Mpe dawa ya minyoo kwanza."

"Unamwogesha au unampulizia kwa bomba?" binti akauliza.

"Anaoga mwenyewe."

Kalamu ikasimama. "Mnyama gani anaoga mwenyewe?"

"Bata," akasema yule mama wa kuku. Wote wakakubaliana kwamba bata.

"Ana mimba?"

"Hana!" Nilisema kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na mama wa kuku akashusha macho hadi tumboni kwangu, akayaacha hapo.

"Nauliza kwa sababu ya maziwa. Ukishapulizia, usiuze maziwa mpaka siku zilizoandikwa kwenye lebo ziishe."

"Hatoi maziwa."

"Kumbe dume." Akaandika. "Kahasiwa?"

Ndugu zangu, mimi nimelelewa. Nimefundishwa kutopaza sauti dukani. Lakini mtu ana mwisho wake. "Binti, dawa ni YANGU! Kupe kaning'ata MIMI!"

Kimya. Hata kuku alinyamaza. Binti akainama chini ya kaunta kana kwamba anatafuta kitu, mabega yakawa yanatikisika, akakaa huko muda mrefu. Alipoibuka, macho yana machozi, lakini uso ameukaza kikazi. "Mzee wangu, hii usijipake hata tone. Ni sumu ya mifugo, inachanganywa na maji kwa kipimo. Nenda duka la dawa za binadamu, ulizia ya kujipaka yenye DEET, ya kufukuza wadudu. Na kwa nguo ipo permethrini, ya asilimia 0.5, hiyo unapulizia nguo na viatu, unaacha vikauke ndipo uvae. Si ya ngozi."

Mfugaji akasogea, akaweka mkono begani kwangu, namna mtu anavyofanya msibani. "Baba, kupe haruki. Hana mbawa, wala hakudondokei kutoka mtini. Anapanda ncha ya jani, anashika kwa miguu ya nyuma, ya mbele anainyoosha hivi." Akanyoosha mikono yake miwili, fimbo ikamgonga mama wa kuku. "Anasubiri. Pumzi yako anaisikia, joto lako analisikia. Ukimpitia tu, umempakia. Kwa hiyo tembea katikati ya njia, usipenye kwenye nyasi, na usikae chini ovyo. Sisi wala hatuogopi akituuma. Tunaogopa ndigana, homa ya ng'ombe anayoileta kupe, inatumalizia ndama." Kisha akatazama miguu yangu. "Hizo soksi umefanya vizuri."

Nilitaka kumkumbatia. Mtu wa kwanza Tanga nzima kuheshimu soksi zangu, na nimempata kwenye duka la ng'ombe.

Nikaomba binti anifute kwenye daftari. Nilishaona kilichoandikwa: *Dume, 85, kadhoofu, hajathibitisha kuhasiwa.* Akasema daftari ni la hesabu za bosi, halifutwi.

Duka la binadamu nalo wakasema ya mbu ipo, ya kupe hakuna. Nikageuza chupa: mbu, kupe, nzi. Nikalipa bila kubishana, nimechoka.

Halafu kuna huku kurudi nyumbani, ambako mwongozo unasema uoge ndani ya saa mbili tangu utoke porini, upate kuwaondoa wale wanaotambaa hawajang'ata. Saa mbili! Bomba letu na mimi hatujawahi kukubaliana saa. Nguo nazo, kuzifua kwa maji baridi hakumuui. Wenzetu wenye mashine za kukaushia wanaziweka kwenye joto kali dakika 10, yameisha. Mimi mashine yangu ni kamba na jua, na pasi ya mkaa ambayo ikipita kwenye kola inaacha ramani.

Baada ya hapo, ukaguzi. Chumbani, taa ya simu, mama watoto ameshika kibano. Nyuma ya masikio, kwenye nywele, kwapani, kitovuni, nyuma ya magoti, na kwingine ambako kupe anapenda joto lake, mnakujua. Mama mkwe yupo sebuleni anasikia tu: "Inama. Geuka. Tulia basi, mbona unahangaika? Nimemwona!" Kisha ukelele wangu. Alichokikamata ni kidutu cheusi nilichozaliwa nacho. Mama mkwe akaongeza sauti ya redio.

Na homa ikija baada ya siku kadhaa, wee! Ukifika zahanati hujamaliza salamu umeshatobolewa kidole cha malaria. Waacheni watoboe, malaria ipo, lakini semeni wenyewe kwamba mlikuwa kwenye nyasi na mling'atwa, na kama pale alipong'ata pana kidonda chenye gaga jeusi, onyesheni. Homa ya kupe ina dawa yake, doksisaiklini inaitibu vizuri, ila daktari hawezi kuota ndoto kwamba una shamba Pongwe. Mimi bado sijapata homa. Kila asubuhi najishika paji la uso, mama watoto ananiuliza kama natafuta akili.

Kila mtu anasema dawa kubwa ni kufyeka. Fyeka nyasi fupi kuzunguka nyumba na njia, weka uzio ng'ombe wasiingie, kupe atakosa pa kusimama. Nakubali kabisa. Tatizo ni kwamba fyekeo langu jirani aliliazima tangu kabla ya Ramadhani, alisema ni la asubuhi moja. Ua wake sasa hivi ungeweza kufanyia sherehe ya Muungano. Nikajikaza leo jioni nikaenda kulidai, kwa adabu, nikaanza na hali ya watoto, nikapita kwa hali ya hewa, ndipo nikalitaja. Akanitazama, akafikiri, akaingia ndani akatoka nalo, akalishika bila kuliachia.

"Sawa, mzee mwenzangu, chukua," akasema. "Lakini Jumapili unirudishie, nina kazi nalo."