Helmeti ya Kurekebisha Kichwa cha Mtoto: Nani Anaihitaji?

Mzazi wa Kisumu akigundua kwamba kisogo cha mwanawe kimekuwa bapa upande mmoja, hakawii kukutana kwenye simu na picha za watoto wa Marekani waliovishwa helmeti za plastiki zenye sifongo ndani, akaanza kujiuliza kama naye aitafute. Kwa watoto walio wengi, jibu langu ni hapana, ingawa hoja za wanaoitetea haziwezi kupuuzwa zote kuwa ni za kibiashara.

Ubapa huu uliongezeka katika nchi za Magharibi baada ya mwaka 1992, madaktari wa watoto wa Marekani waliposhauri watoto wasilazwe kifudifudi, ili kupunguza vifo vya ghafla usingizini. Ushauri huo umeokoa maisha, wala haufai kuachwa kwa ajili ya umbo la kichwa. Fuvu la mtoto mchanga bado ni laini, nalo likiegemea pahali pamoja kwa saa nyingi hubonyea. Helmeti, kinyume na wengi wanavyodhani, haikikamui kichwa: huacha nafasi pale palipobonyea ili ubongo unaokua ulisukume fuvu kujaza nafasi hiyo, na ndiyo maana huvaliwa takribani saa 23 kwa siku, kwa miezi kadhaa, kabla mtoto hajatimiza mwaka.

Wanaoipinga hutegemea utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2014. Watoto 84 wenye ubapa wa wastani hadi mkubwa waligawanywa kwa kura, nusu wakavishwa helmeti na nusu wakaachwa wakue hivyo hivyo. Walipofika miaka miwili, waliopona kabisa walikuwa asilimia 26 katika kundi la helmeti na 23 katika lile jingine, tofauti isiyo na uzito. Wazazi wote wa kundi la helmeti walitaja madhara, yakiwemo ngozi kuwashwa, jasho na harufu. Na hiyo ni Uholanzi; anayelijua joto la Februari chini ya mabati ya Kisumu atajijazia mengine.

Watetezi hujibu kwamba watoto wenye ubapa uliokithiri, na wale waliokakamaa shingo, hawakuhusishwa, na kwamba helmeti nyingi hazikukaa sawasawa. Ni kweli. Mwaka 2016 madaktari wa upasuaji wa ubongo nchini Marekani waliipendekeza pia, lakini kwa ubapa wa wastani hadi mkubwa uliobaki baada ya kubadilisha mlalo na kufanya mazoezi ya viungo. Mpangilio huo ndio wauzaji huuruka.

Huku kwetu hatua hizo za mwanzo hazina gharama kubwa. Mtoto anayebebwa mgongoni kwa leso, na kulazwa kifudifudi akiwa macho huku akiangaliwa, hakilalii kisogo. Kliniki za chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 nazo ni nafasi ya muuguzi kukitazama kichwa kutoka juu: sikio likiwa limesogea mbele upande wa ubapa, na paji limetokeza upande huo huo, kwa kawaida chanzo ni mlalo. Lakini akipapasa akakuta ukingo mgumu juu ya mshono wa fuvu, yaani pale mifupa yake inapokutana, huenda mshono umefunga mapema, na hapo helmeti peke yake si tiba. Mtoto apelekwe bila kuchelewa hospitali ya rufaa, kama ile ya Jaramogi Oginga Odinga, akaonwe na madaktari wa upasuaji. Anayeuza helmeti kwa kutumiwa picha tu hana namna ya kuzitofautisha hali hizo mbili.