Anayeulizwa ni mama tu

Desemba, ukoo ulipopanda Kibosho kula Krismasi, mtoto wa mdogo wangu alikaa nyuma ya jiko akipanga vizibo vya soda kwa rangi. Ana miaka sita, ana usonji (hali ya ubongo kukua kwa namna tofauti), haongei, na ukivuruga mstari wake analia mpaka sauti inakauka. Shangazi mmoja, kata ya mbege mkononi, akauliza kwa sauti ya kusikika hadi getini: "Kwani mama yake alikula nini akiwa na mimba?" Shemeji yangu akaendelea kuosha vyombo.

Nafundisha baiolojia sekondari hapa Moshi, na siku ile nilinyamaza. Leo namjibu.

Seli za ubongo nyingi zinapopashana habari hazigusani. Kati yao kuna mwanya, ndipo penye sinapsi, upana wake nanomita 20 hivi (milimita moja ina nanomita milioni). Seli moja humwaga kemikali, ya pili huipokea. Ila kingo hizo mbili lazima zitazamane sawasawa, na kazi hiyo ni ya protini: neureksini upande wa kutuma, neuroligini upande wa kupokea, kama kulabu na kitanzi chake. Ndani ya seli inayopokea kuna protini nyingine, SHANK3, inayoshikilia vipokezi vya kemikali hiyo mahali pake kama kenchi inavyoshika bati. Mwaka 2003 watafiti wa Paris walikuta kasoro kwenye jeni (maagizo ya mwili ya kutengeneza protini) za neuroligini kwa watu wenye usonji. 2007 ikafuata SHANK3. Leo jeni zinazohusishwa na usonji zimepita mia, na nyingi kazi yake iko humo humo kwenye sinapsi.

(Wazungu nao walipita huko kwa shangazi. Daktari aitwaye Leo Kanner alieleza usonji mwaka 1943, na kwa miaka mingi baadaye madaktari wakubwa walisingizia akina mama wasio na upendo.)

Sasa, shangazi, kaa vizuri. Baadhi ya kasoro hizo za jeni mtoto harithi kwa yeyote. Huzuka upya yai au mbegu inapotengenezwa. Na nyingi katika hizo mpya hutoka kwa baba, maana mbegu zake hunakiliwa upya maisha yote, na kila nakala ni nafasi ya kukosea. Utafiti wa Iceland wa 2012 ulikuta kila mwaka baba anaoongeza, mtoto hupata mabadiliko mapya kama mawili zaidi kwenye vinasaba vyake. Mdogo wangu alioa ana miaka 44. Mbona hakuna aliyemuuliza alikuwa anakunywa nini?

Wala sisemi tumhamie yeye. Mengi ya mabadiliko hayo hayana madhara yoyote, na hakuna anayeyachagua.

Muuza duka wa jirani ananiwekea vizibo vya kijani. Desemba vilimwishia mtoto, akaacha nafasi wazi katikati ya mstari.